Msako wa Magauni Glasgow

Kitu cha kwanza ambacho mtu hukitambua kwa Hallbera ni kwamba watu walio uchi hawamshughulishi hata kidogo, ila nguo zilizotundikwa humnyima utulivu. Yeye ni msimamizi wa upande wa wanawake katika bwawa la kuogelea la Kaldavik, kijiji cha pwani ya Aisilandi, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna anayeingia majini kabla ya kujisugua kwa sabuni bila kipande cha nguo mwilini. Mke wa mchungaji wa kanisa, wapakiaji wa samaki, mgeni wa Kifaransa anayeng'ang'ania taulo lake kama roho yake: wote huwaelekeza bafuni kwa sauti ileile, huku akitazama pembeni. Pembeni ndiko ziliko ndoano za nguo, na hapo macho yake huamka. Hushika kola, huigeuza, husoma kitambaa kidogo chenye jina la duka, hupapasa bitana, kisha hurudisha kila kitu kama kilivyokuwa na kuendelea kupiga deki.

Kwa bahati mbaya, usomaji huo ulikuwa haumwongezei elimu. Kaldavik ina duka moja la ushirika, na duka hilo huleta nguo jinsi linavyoleta mbolea: aina moja, shehena moja, na atakayewahi apate. Majira ya baridi ndoano zilijaa makoti ya buluu yasiyo na tofauti yoyote, na si mara moja wala mbili mwanamke alifika nyumbani, akatia mkono mfukoni, akakuta meno ya bandia ya jirani.

Hayo yote yalivumilika hadi karamu ya Thorri ya mwaka uliopita. Katika karamu hiyo ya katikati ya baridi, watu wakishamaliza kula vichwa vya kondoo na nyama ya papa iliyovundikwa, kamati hupanda jukwaani na kuwaigiza wanakijiji mbele yao wenyewe. Hallbera aliingia ukumbini na gauni jekundu. Steinvör, mnyapara wa kiwanda cha samaki, alikuwa ameshaketi ndani ya gauni lilelile. Wa tatu alikuwa mke wa mchungaji. Kamati haikuwa na haja ya kutunga kitu. Wanaume watatu walishusha mapazia mekundu ya ukumbi, wakajifunga kifuani, wakapita mbele ya watu wakikumbatiana na kuulizana, "Samahani dada, hivi mimi ni wewe?" Aliyeongoza msafara huo alikuwa Ketill, mume wa Hallbera.

Hallbera alicheka kama wengine, maana asiyecheka usiku huo huigizwa tena mwaka unaofuata. Lakini moyoni alikata shauri: karamu ijayo angeingia na gauni ambalo hakuna mwanamke mwingine wa Kaldavik aliyewahi kulitia machoni.

Ndiyo maana chama cha wanawake kilipoamua kwenda Glasgow, ng'ambo ya bahari, kununua nguo kabla ya baridi, yeye aliinua mkono kabla swali halijaisha. Wanawake wa miji mikubwa ya Aisilandi walikuwa wakienda huko miaka mingi na masanduku matupu, wakirudi na masanduku yasiyofungika. Wa Kaldavik walikuwa hawajathubutu. Jambo hilo lilijadiliwa mahali ambapo mambo yote ya kijiji hujadiliwa, yaani ndani ya kibwawa cha maji moto, maji yakiwa shingoni na theluji nyepesi ikiwaangukia vichwani.

"Tutapotea," alisema Steinvör. "Mimi Reykjavik tu hunipoteza, sembuse Glasgow."

"Wanaopotea ni kondoo," alijibu Bibi Oddrun, mkongwe kuliko wote majini humo, "na kondoo tunawapata kila mwaka."

"Bibi, Glasgow si mlima."

"Ina juu, ina chini, ina mto. Unataka nini tena, mwanangu? Na mfalme wa mlima tunaye hapahapa. Hallbera, una ramani?"

Vichwa vyote vilimgeukia. Kila majira ya kupukutika majani, kondoo waliokaa milimani kiangazi kizima hushushwa kwa msako: watu hujipanga mstari toka bonde hadi bonde, wakateremka pamoja wakiwasukuma wanyama mbele yao hadi zizini. Anayeongoza msako huitwa mfalme wa mlima, hata akiwa mwanamke, na Hallbera aliurithi ufalme huo kwa baba yake. Neno la mfalme halipingwi. Yeye ndiye humgawia kila mtu njia yake, na kwa desturi njia mbaya kuliko zote huichukua mwenyewe.

Basi akaitandaza ramani ya Glasgow kwenye meza ya jikoni na kuitazama kama anavyotazama mlima. Mstari ungeanzia sehemu ya juu ya mji. Kila mwanamke angeshuka na mtaa wake, bila kumpita mwenzake na bila kuruka duka hata moja. Atakayekuta vazi linalomfaa mwenzake angelishika kwa nguvu na kupiga filimbi. Wote wangekutana mtoni, chini ya daraja, na hapo mavazi yangegawanywa kama kondoo zizini, kila mtu na lake.

Ketill alichungulia juu ya bega lake. "Na mbwa je?"

"Tulitaka kukuchukua wewe, ila unabweka mapema mno."

"Wenye maduka watakimbia, mke wangu."

"Wakikimbia, wataelekea mtoni. Huko yuko Bibi Oddrun."

Hakukuwa na mtu Kaldavik aliyeona kasoro katika mpango huo. Tangu lini mtu akaenda mahali asipopajua bila kujipanga mstari?

Lakini mfalme wa mlima alikuwa na siri. Kiangazi kilichopita mwanamke mmoja Mskoti alikuja kuogelea, akatundika gauni la kijani, kijani cha mawe yaliyoota kuvu pembeni mwa maporomoko ya maji, lenye mikono mirefu na vifungo mgongoni. Hallbera alilishika kola muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Jina la duka lilikuwa limedariziwa ndani, na chini yake jina la mtaa na la mji: Glasgow. Sasa mtaa huo aliukuta kwenye ramani: mfupi, uliojificha nyuma ya kanisa, katikati kabisa ya mji. Yeye, kwa desturi, alipaswa kuchukua njia ya pembeni iliyofuata reli, ambako kwa kadiri ya ramani hakukuwa na kitu isipokuwa maghala.

Alifikiri kutwa nzima, akapata ufumbuzi. Alimtoa Bibi Oddrun mtoni, akampa mtaa wa nyuma ya kanisa, maana yeye alikuwa akienda Glasgow kutafuta suruali za ndani za sufu, ingawa nyumbani kwake hakuna kilichojaa kuliko sufu. Bibi angepita mbele ya gauni la kijani bila kugeuza shingo. Kisha, jioni, mfalme angerudi peke yake kimyakimya kukagua kama kuna kondoo aliyesahaulika.

Mpango huo uliishi siku mbili.

"Nimebadilishana na Steinvör," Bibi Oddrun alitangaza kibwawani. "Mtaa wangu una mwinuko, na goti langu halitaki. Yeye ana miguu ya farasi."

"Ahsante, Bibi," alisema Steinvör.

Maji yalikuwa ya moto, lakini Hallbera alihisi baridi. Steinvör! Mwanamke wa kimo chake, unene wake na kiu yake, ambaye hata lile gauni jekundu alilichagua bila kuambiwa na mtu. Angelipita la kijani? Thubutu.

Akamfuata hadi kwenye ndoano. "Steinvör, shoga yangu, ule mtaa ni mbovu. Kanisa na benki tu. Nipe mimi, wewe chukua wangu."

"Wako una nini?"

"Maghala. Lakini mazuri."

Steinvör aliacha kujifuta nywele. Alikuwa amepanda mlima nyuma ya Hallbera, na kabla ya hapo nyuma ya baba yake, na hakuwahi hata siku moja kumsikia mfalme wa mlima akiomba kubadilishana njia. Akatabasamu polepole.

"Hapana, mpenzi. Makanisa napenda sana kuyaona."

Steinvör huonekana kanisani kukiwa na jeneza tu.

Kosa lilikuwa limeshafanyika, na Kaldavik haina mahali pa kulificha kosa. Kesho yake mke wa mtunza bandari alimwuliza Hallbera, kama kwa bahati tu, kama njia yake haiwezi kupinda kidogo ipite nyuma ya kanisa. Mwalimu wa kwaya akasema amesikia kanisa hilo lina vioo vya rangi. Hata mke wa mchungaji, ambaye makanisa amekwishayachoka, alipata hamu mpya. Kufikia mwisho wa juma, mstari uliopangwa kwa uangalifu toka reli hadi bustani ulikuwa umejikunja wote mahali pamoja, kama kondoo walionusa chumvi.

"Hongera," alisema Ketill. "Wote mtanunua kitu kimoja tena. Mapazia bado yapo."

Hallbera aliikunja ramani. Usingizi ulianza kumkimbia. Alikuwa amewaongoza watu kwenye ukungu na theluji bila kumpoteza hata mmoja, kwa sababu kila aliposema hapa pana shimo, palikuwa na shimo, na aliposema hapana kitu, hapakuwa na kitu. Sasa alikuwa amesema kanisa na benki tu.

Siku ya safari ilifika pamoja na mawingu mazito. Ndege ndogo ya kuwapeleka Reykjavik, wakapande ile ya Glasgow, ilikuwa bado haijafika, nao wakakaa kwenye kibanda cha uwanja, masanduku matupu miguuni, yakisukumwa na upepo kila mlango ulipofunguliwa. Steinvör alileta vikombe viwili vya kahawa na kuketi kando ya Hallbera.

"Niambie sasa. Ni viatu?"

Hallbera aliitazama kahawa. "Gauni."

"Rangi?"

"Kijani. Steinvör, nilikudanganya kuhusu njia."

"Nilijua. Mlimani uongo kama huo ungenivunja mguu."

"Ndiyo maana nakwambia. Duka liko mkono wa kushoto, ukishalipita kanisa." Akavuta pumzi. "Lakini nalitaka. Nalitaka kuliko nilivyowahi kutaka nguo. Siwezi kuingia tena ule ukumbi na watu wakaniuliza kama mimi ni mimi."

Steinvör aliweka kikombe chini. "Unadhani mimi nilifurahi? Aliyeongoza mapazia alikuwa Ketill wako, lakini yule wa pili, aliyekuwa akitikisa makalio, alikuwa mume wangu. Nilimpikia samaki mtupu hadi masika. Tangu siku ile sijavaa nyekundu, hata soksi."

Wakatazamana, kisha kwa mara ya kwanza wakalicheka jambo lile pamoja, kicheko cha kweli, hadi Bibi Oddrun akawauliza kama kahawa imetiwa kitu.

"Sikiliza," alisema Steinvör akijifuta machozi. "Likiwa moja, ni lako. Wewe ndiye uliyeliona kwanza."

"Kweli?"

"Mbele ya Bibi Oddrun."

Hallbera alihisi mabega yake yakishuka. Kisha wazo likamjia, na akatamani lisingemjia.

"Na yakiwa mawili?"

Steinvör aliutazama mlango. Akalivuta sanduku lake karibu, akalishika mpini.

"Yakiwa mawili," alisema, "tutazungumza."

Hapo mwenye kibanda akainua mkono na kuwataka wanyamaze. Juu ya mawingu palisikika mngurumo wa ndege. Wanawake wote wakasimama kwa pamoja, masanduku mkononi. Mngurumo ulipita juu ya paa, ukaenda zake upande wa bahari ukitafuta mwanya, ukafifia karibu kutoweka, kisha ukaanza kurudi.