Soli Ameondoka

Fundi viatu huyu watu walimwita Soli, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kibanda chake kilikuwa chembamba, nusu viatu vya watu, nusu yeye na nyundo. Lakini usimwone amejibanza pale ukadhani hana watu. Simu yake ilibeba ukoo mzima na ziada.

Kila mtandao ulikuwa na watu wake. Tiktoki ilikuwa ya wageni: alitega simu kwenye kopo, akajirekodi akibandika soli bila kusema neno, na watu wa nchi asizozijua wakamtumia mioyo. Kuna mama mmoja wa mbali aliyemwandikia kwa lugha isiyosomeka. Soli alimjibu "Asante mama" kila mara, na wakaelewana vizuri tu. Fesibuku ilikuwa ya waliosoma naye, ambao mpaka leo hawajamsamehe kioo cha darasani alichokivunja. Wasapu ilikuwa ya ndugu. Na penye ndugu ndipo penye kelele.

Kundi la ukoo liliongozwa na Dada Mkubwa, aliyembeba Soli mgongoni tangu mama yao alipofariki, na ambaye hajakubali bado kwamba ameshamshusha. Dada haandiki. Anatuma sauti, na sauti zake hazina kituo. Jioni moja alituma ya kuwasema vijana wa ukoo kuhusu adabu. Soli, mdomo ukimwasha, akaandika: "Dada, hiyo ni sauti au hotuba ya mgeni rasmi?" Ukoo ukacheka. Dada hakucheka.

"Asiyetaka kusikiliza, mlango uko wazi," alijibu, akazima data.

Soli naye akavimba. Akabonyeza pale pa kutoka, akatoka. Hasira hasara: alipoamka asubuhi hasira ilikuwa imekwisha, lakini kundini hawezi kurudi mpaka kiongozi amwingize, na kiongozi ndiye huyo huyo. Kumpigia aliona aibu. Je, Dada akimnyamazia moja kwa moja? Wazo hilo lilimnyima hamu ya chai. Akaenda kibandani, akatega simu kwenye kopo, akazima milio isije ikaharibu sauti ya nyundo, akaanza kurekodi.

Sasa njoo kwa Shangazi. Simu yake ilikuwa imebadilishwa lugha hivi karibuni, iongee Kiswahili kama mwenyewe. Asubuhi hiyo alifungua kundi, akaukuta mstari mmoja umekaa peke yake katikati: "Soli ameondoka."

Wewe na mimi tunajua ameondoka wapi. Lakini Shangazi ni mtu mzima. Kwake yeye, mtu akisemwa ameondoka, bila kutajwa anakokwenda, basi safari ni ile moja. Akapiga ukunga. Kisha, kwa kuwa kilio kilimziba sauti asiweze kupiga simu, akaingia Fesibuku, akaweka picha ya Soli na maneno: "Mtoto wa kaka yangu ameondoka. Mungu amlaze mahali pema."

Soli alipoweka nyundo chini na kushika simu, alijikuta marehemu. Wenzake wa shule walikuwa wamemsamehe kioo. Mmoja alisema hakujawahi kutokea roho nzuri kama ile. Mwingine alilia kwanza, halafu akauliza viatu vyake vya harusi atavidai kwa nani. Soli alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akafika kwenye maneno ya Dada Mkubwa, yule asiyeandika: "Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuonyesha mlango."

Kicheko kikakatika. Kabla hajaitafuta namba yake, alisikia kilio kinakuja kichochoroni. Dada huyo, mguu mmoja una sandali, mwingine mtupu, sandali ya pili iko mkononi, mkanda umekatika kwa mbio.

"Nionyesheni alipo!" alilia akiingia. "Nionyesheni mdogo wangu!"

"Nipo hapa, Dada."

Dada akamtazama. Akamgusa shavu. Kisha akamtandika bega kwa ile sandali.

"We mtu! Kumbe mzima?"

"Nimetoka kwenye kundi tu, Dada. Ni Shangazi huyo, kasoma akaelewa vingine."

"Kundi!" Dada akajitupa kwenye kigoda cha wateja, akacheka na kulia kwa pamoja. Walipompigia Shangazi kumweleza, alifurahi, kisha akanuna: "Na machozi yangu je, nani atanirudishia?"

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Siku hizi hata jembe hujalishika, wenyewe wameshapatana.

"Nisikilize," Dada alisema akifuta macho. "Nicheke, nitanie, niudhi utakavyo mbele ya ukoo mzima. Lakini usiondoke. Nimekulea wewe tu, sina mwingine."

"Siondoki, Dada. Nilitaka kukupigia, nikaona aibu. Nisamehe."

Soli akaipokea sandali, akatia uzi kwenye sindano. Dada akaanza kusimulia: alivyoiona ile picha, alivyoacha mlango wazi, alivyokimbia, aliyemgonga njiani na aliyemuuliza kulikoni, hadithi ndefu yenye matawi na matawi ya matawi. Mkanda wenyewe ulitaka mishono michache tu. Soli aliushona, akaufumua kwa siri, akaushona tena.