Uzi wa Njano kwenye Upinde wa Dobi

Siku ya kwanza maumivu yalikuja kama siafu. Dobi alikuwa amesimama mezani ananyoosha shuka, siafu wakaanza kumtambaa begani, wakashuka hadi kiwikoni, kisha kidole cha mwisho na jirani yake vikafa ganzi. Akaiegesha pasi. Akavikunja vidole, akavikunjua, akatupa jicho mlangoni kuona kama kuna aliyemwona. Halafu akaishika pasi kwa mkono wa kushoto, akaendelea na kazi huku kijasho chembamba kikimtoka.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Marehemu mama yake alianza vivyo hivyo, ganzi ya vidole, akasema ni uchovu tu. Mwaka haukwisha, mkono ukalegea, ukaning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba. Kiharusi hicho. Dobi ndiye aliyekuwa akimfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi, na mama mtu anatazama ukutani kwa haya. Mambo kama hayo hayasahauliki. Na dobi asiye na mkono ni nani? Ni mtu aliyesimama karibu na nguo za watu.

Lakini palikuwa na jambo jingine, na hilo alilijua yeye na Mungu wake.

Kila Jumamosi alikwenda kulenga shabaha kwenye kiwanja cha nyuma ya shule, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa mwili na wa kicheko. Pinde za pale zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Kocha alizitofautisha kwa uzi aliofunga kwenye mpini: mwekundu kwa upinde mgumu, wa njano kwa ule laini wa wanaojifunza. Wifi alipewa mwekundu. Dobi, njano.

"Wifi, huo ni upinde au kijiti cha kuchokolea meno?" wifi alimuuliza mbele ya watu.

Utani wa mawifi huo, hauna kesi. Dobi alicheka na wenzake, ila ulimwingia. Mwanamke aliyekamua mablanketi ya mtaa mzima apewe upinde wa watoto? Jumamosi iliyofuata aliwahi kiwanjani, akafungua nyuzi za mipini, akazibadilisha. Tangu siku hiyo alivuta upinde mgumu uliovaa njano, meno yameumana, bega limepanda hadi sikioni. Kocha akimwambia shusha bega, anaitikia ndiyo kocha. Wifi naye akavimba kichwa, akatangaza kwamba siku hizi amekuwa fahali, upinde mwekundu unamtii.

Siafu walipozidi, dobi alijiambia upinde hauui vidole. Hii ni ile ya mama. Akajichua dawa, akadanganya kwamba amelalia mkono vibaya. Hospitali hakutaka hata kuisikia. Asiyeuliza hapewi jibu baya.

Ila mficha maradhi, kilio humfichua. Jumamosi moja alivuta, kamba ya upinde ikamfika shavuni, kitu kikalia ndani ya bega kama kijiti kikavu. Mshale ukaangukia majanini, karibu na miguu yake mwenyewe. Mkono ukashuka, ukaning'inia. Aliutazama, akaona ule wa mama yake.

Wifi alimfikisha hospitali mbio mbio. Daktari alimwambia atabasamu, ainue mikono yote miwili, ataje siku ya leo. Uso ulikuwa sawa, ulimi sawa. Mkono wa kulia ulifika kifuani ukatetemeka. Daktari akauliza upinde aliokuwa akivuta una ugumu gani.

"Ah, ule wa njano," wifi alidakia. "Hata mtoto wa darasa la pili anauvuta."

Daktari akakunja uso. Akasema basi bega halina sababu ya kuumia namna hii, itabidi watafute kwingine, waanze na kichwa. Alipouliza kama katika ukoo kuna aliyepata kiharusi, dobi aliviona vifungo vya blauzi ya mama yake. Akinyamaza, aibu yake itabaki salama, na hofu yake itapewa jina la kiharusi.

"Si wa njano," alisema akitazama magoti yake. "Nilibadilisha nyuzi. Navuta wako, wifi."

Wifi akamtazama, akautazama na mkono.

"Kwa hiyo ufahali wangu wote ule ni wa kijiti cha meno?"

Safari hii hakucheka.

Daktari akaliminya bega upya, akapapasa hadi kwapani. Akasema kano zimevimba na mshipa wa fahamu umebanwa. Upinde marufuku, pasi marufuku, barafu kwenye kitambaa, kisha mazoezi. Na vidole? Vya wengi hurudi, alisema, taratibu. Vya kwake wataona. Neno hilo "wataona" dobi alirudi nalo nyumbani kama kijiwe ndani ya kiatu.

Wifi alihamia kwake, akawa anapiga pasi vibaya, anaacha mikunjo kwenye kola. Kila asubuhi alimfunga dobi vifungo vya blauzi, na dobi alitazama ukutani.

Asubuhi moja kidole chake cha mwisho kilikwaruza kifungo. Kifungo kilikuwa baridi. Akakigusa tena, asiamini, akaogopa hata kufurahi.

"Ngoja, wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Hicho niachie mimi."