Mbuzi Asiyeuzwa na Mkono Chini ya Shali

Kumtembeza mbuzi mjini Garissa kwa miezi mitano kumenigharimu shilingi elfu nne mia sita na ishirini. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeshiba, maana mwenye njaa hukosea hesabu kwa kujipendelea. Kamba na ukanda wa ngozi wa shingoni, mia sita na hamsini. Maganda ya mgunga, kopo moja kwa wiki, hamsini kila kopo, wiki ishirini: elfu moja. Chai ya soja, yaani mlinzi wa bustani, arubaini kwa siku, siku tatu kwa wiki: elfu mbili na mia nne. Kikoi cha jirani kilichotafunwa upindo kikiwa kimeanikwa, mia tano na sabini, na jirani alikuwa ameanza na mia nane. Ile elfu thelathini sijaiweka humo. Hiyo sikulipa, nililipwa, na ndiyo inayoninyima raha.

Mimi ni dalali wa mifugo. Nasimama katikati ya anayeuza na anayenunua, na wote wawili wakiondoka wakinung'unika najua nimefanya kazi. Sokoni kwetu bei haitamkwi. Watu wawili wanashikana mikono, wanatupia shali juu, na chini ya shali vidole ndivyo vinavyozungumza: kidole kimoja elfu moja, kiganja kizima elfu tano. Waliosimama kando wanaona nyuso tu, na uso wa mtu anayejua biashara hausemi kitu. Mmoja akisema "nimekubali" mkono ukiwa bado umeshikwa, basi, yamekwisha. Hakuna risiti wala shahidi wa kuandika.

Wanaorudi nyuma huwa wapo. Mwaka fulani mtu kutoka Eldas alinijia kabla saa haijaisha, jasho linamtoka, anasema dume lake nimelitoa kwa bei ya ndama. Nilimjibu mbele za watu, "Mkono umeshasema." Akarudi Eldas na huzuni yake, mimi nikarudi nyumbani na udalali wangu. Wawili ninaowajua walivunja mkono na wakashikilia kuuvunja. Hakuna aliyewapigia kelele. Ni kwamba tu tangu siku hiyo hakuna aliyewapa tena mkono chini ya shali. Mmoja sasa anauza makaa, mwingine anauza laini za simu.

Mbuzi mwenyewe alikuwa wa mke wangu. Mama yake alikula mifuko ya plastiki akafa, kama wanavyokufa mbuzi wengi wa mjini, akaacha mtoto wa siku nne. Mke wangu alimlea kwa chupa ya soda yenye chuchu ya mpira. Mimi nilisema mara moja tu kwamba maziwa yale yana bei. Alinitazama, nikaenda msikitini kabla ya wakati. Jina hakumpa, kwa kuwa nilikuwa nimemkataza: mali ya kuuza haipewi jina. Basi akawa anamwambia "haya, wewe," na mbuzi akajua kwamba yeye ndiye wewe.

Mke wangu alifariki mwaka jana kabla ya mvua. Siku za matanga nyumba ilijaa hadi viatu vikakosa pa kukaa mlangoni. Baadaye viatu vikawa jozi moja. Binti yetu ameolewa Mandera na hupiga simu kila Ijumaa. Huniita Aabo, yaani baba.

"Aabo, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

"Umekula nini?"

Hapo ndipo huwa nalazimika kusema uongo.

Kila alasiri mbuzi alilia. Ilikuwa saa ambayo mke wangu alizoea kutoka naye kukaa nje ya geti. Nilidhani tumbo. Nikamwita daktari wa mifugo, tunafahamiana, akampapasa, akamwangalia macho na meno, akakataa hata pesa ya mafuta. "Hana ugonjwa," akasema. "Anataka mtu." Nilimuuliza dawa yake ni shilingi ngapi. Akawasha pikipiki akaenda.

Ndipo nikanunua kamba.

Mji wetu umejaa mbuzi, lakini jaribu kutembea na mmoja bila kwenda popote. Kila hatua kumi kuna mtu: "Wariya, ewe bwana, unauza?" Ukisema hauzi, anadhani unapandisha bei, anakufuata. Siku ya kwanza nilihesabu watu kumi na mmoja kati ya nyumbani na barabara ya lami. Wakati wa kurudi walikuwa tisa, ila wawili kati yao ni walewale wa mwanzo waliofikiri upya. Ukingo wa Tana una kivuli na upepo, lakini pia una mamba, na mamba hapatani bei. Nilijaribu kibanda cha chai nyuma ya maduka ya nguo. Mbuzi akanywa chai ya mtu aliyekuwa akisimulia habari ndefu, na mtu yule akamaliza habari yake bila kujua.

Ikabaki bustani ya mji. Si kubwa. Ina miarobaini saba, mabenchi manne ya saruji, na kipande cha majani kinachonyweshewa kwa mpira. Langoni kuna kibao: mifugo hairuhusiwi. Na chini ya kibao yupo soja, mtu wa Mwingi, mwenye kofia iliyo ndogo kuliko kichwa chake.

"Mzee, hapo mwisho," akaniambia.

Ndani nilimwona msichana aliyebeba paka begani, na afisa mmoja kutoka Nairobi akimvuta mbwa mdogo mwenye manywele, anayefanana na kitu cha kufutia sakafu. Nikamwonyesha.

"Yule je?"

"Yule ni mbwa."

"Naona ni mbwa. Naye ana miguu minne, nimehesabu."

"Mbwa si mfugo, mzee wangu. Mfugo ni mali. Mali ni kitu cha kuuzwa."

"Basi huyu apite. Huyu hauzwi."

Alinitazama sana. "Wewe si yule dalali? Wewe una kitu hakiuzwi?"

"Huyu tu."

Tukapatana. Mbuzi asile maua, mavi yake niyaokote mimi, na soja apate chai. Alianza na hamsini, tukafika arubaini. Tangu siku hiyo, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi baada ya swala ya alasiri nilikuwa na mahali pa kwenda. Naandika hivi kwa wepesi, lakini ni miaka mingi sikuwa nimekaa tu kwenye majani bila kungoja mtu aniletee ng'ombe.

Benchi nililozoea linakaliwa na watu watatu. Sisi tulilikalia wawili, mimi juu na yeye chini ameegemea mguu wangu, akicheua. Mtu wa tatu hakuja. Waliopita walisalimu, "Assalaam aleikum," nikaitikia, wakamtazama mbuzi, wakatazama vivuli vingine. Niliwaelewa. Mzee aliyefiwa na mke anayemtembeza mbuzi bustanini ni habari ya kupeleka nyumbani, si mtu wa kukaa naye. Soja alikunywa chai yake akiwa amesimama, kwa sababu ya kazi.

Mwezi uliopita soko la mifugo lilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa ng'ombe, na hadi leo halijafunguliwa. Wiki tatu sikumshika mtu mkono ila ile salamu ya haraka ya msikitini. Hilo sikulijua wakati ule. Nililijua Jumatano, alipokuja kukaa kwenye benchi langu mtu mwenye viatu visivyo na vumbi.

"Adeer, nimekuona hapa mara tatu," akasema. Adeer ni baba mdogo, ndivyo mtu wetu anavyomwita mzee aliye rika la babake. Akaniambia anaishi ng'ambo, amekuja kumwona mamake, Jumatatu anarudi. Mamake hawezi tena kutembea zaidi ya uani. Anakaa peke yake, na mwanamke wa kazi anakuja asubuhi tu.

"Mbuzi huyu anaitika akiitwa?"

"Anaitika kuliko watu."

"Niuzie."

"Hauzwi."

Akacheka, akavua shali mabegani. "Adeer, kila mtu aliniambia wewe ndivyo unavyoanza."

Akanyoosha mkono, shali imening'inia juu yake. Nilipaswa kuuacha mkono wangu mfukoni. Mtoto mdogo wa mji huu anajua kwamba asiyeuza hatoi mkono. Mimi nimekula chakula cha mkono ule miaka thelathini na moja, na bado niliutoa. Nilijiambia namtoa mbio kwa bei isiyo na adabu. Mbuzi yule ni wa elfu nane, tisa kama mnunuzi ana haraka. Nikamshika kiganja kizima, nikakibana. Mara moja, mara mbili. Mkono wake ulikuwa wa joto na hakuwa na papara nao. Nikabana mara ya tatu, ya nne, ya tano. Ukweli ni kwamba mara ya tatu ilitosha kumfukuza mnunuzi yeyote mwenye akili. Zile nyingine sikuwa nikitaja bei.

Nilipobana mara ya sita akasema, "Nimekubali."

Uso wangu haukusema kitu. Ni kazi ya miaka mingi.

Akanihesabia elfu thelathini palepale, noti za elfu elfu. Nikazihesabu mara ya kwanza kwa mazoea na mara ya pili nikiomba ikosekane moja. Zilitimia. Akasema ua wa mamake unahitaji kuzibwa kidogo, atakuja kumchukua Jumamosi baada ya alasiri, hapahapa. Akaniombea kheri akaondoka.

Soja alikuja polepole na kikombe chake.

"Mzee. Ulisema hauzwi."

"Nilisema."

"Sasa ni mali." Akatazama kibao, akanitazama mimi. Hakuwa akinicheka. "Sasa nitamwingizaje?"

Jana, Alhamisi, nilikwenda kwa mama yule. Nilijiambia ni kukagua kivuli na maji, kama ninavyokagua boma kabla ya kupeleka ng'ombe. Kwa kweli nilitafuta kasoro. Ningepata hata mbwa mkali ningeridhika. Sikumpata. Ua umefagiliwa, kuna mwarobaini mmoja mkubwa, kuna ndoo safi. Mama amekaa kwenye mkeka, miguu imefunikwa, redio iko karibu naye nayo imezimwa. Mwanawe alikuwa amekwenda kununua waya wa kuzibia ua.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi," akasema kabla sijajitaja. "Karibu, walaal. Ndugu yangu, kaa."

Nikakaa. Akaniuliza anakula nini. Maganda ya mgunga, nikasema, na maganda ya ndizi, na upindo wa vikoi. Analala wapi? Mlangoni, ukisahau kufunga anaingia hadi kitandani. Na analia? Alasiri, mama, ila ukimtoa anyooshe miguu ananyamaza.

"Kumtoa," akasema. "Nimtoe na miguu ipi?"

Akaokota jani la mwarobaini lililoanguka mkekani, akaliweka kando. "Nilimwomba mwanangu akae nami hadi Idd. Siku arubaini tu, nilimhesabia. Akaniambia, mama, kazi. Kisha akaniambia, usijali, nitakutafutia kitu kitakachokaa nawe. Ndiyo ananiletea mbuzi wako."

"Nirudishe pesa?" nikauliza. Lilinitoka bila kupangwa.

"Ulimpa mkono?"

"Nilimpa."

"Marehemu mume wangu alikuwa na ng'ombe soko lile lile. Mimi sitamwambia mtu kuvunja mkono." Akaifunika vizuri miguu yake. "Wala sitamwambia mwanangu kwamba sikutaka mbuzi. Amezunguka juani siku mbili kutafuta waya."

Nikaondoka. Getini nilikutana na mwanawe amebeba waya begani na vumbi limejaa kwenye viatu vile. Alifurahi kuniona. Alidhani nimekuja kumzoesha mama.

Leo ni Ijumaa. Binti yangu amepiga simu kutoka Mandera akaniuliza nimekula nini, nikamweleza yote, kwa hiyo leo sikusema uongo. Kisha akasema, "Aabo, njoo ukae huku." Akanipa nafasi ya kujibu. Nikamuuliza kama mbuzi wanaruhusiwa kwenye basi.

Kesho baada ya alasiri mtu yule atanikuta kwenye benchi. Pesa zake ziko kwenye leso, thelathini, nimezihesabu asubuhi na sasa hivi. Nikimpa kamba, jioni nitarudi na jozi yangu moja ya viatu, na ifikapo Jumatatu mama yule atakuwa na mbuzi anayelilia kutembezwa na mwana aliye angani. Nikimpa leso, nimevunja mkono, na soko litakapofunguliwa hakuna kiganja kitakachoingia chini ya shali yangu. Njia nyingine ni kumwambia alichonieleza mamake, lakini hiyo si siri yangu ya kuuza, na sijui kama ni siri ya kutoa bure.

Nimepatanisha wengi, na kila mara nilijua kitu kimoja: mtu husamehe mkono uliorudi ikiwa umerudi na kitu juu yake. Basi nyinyi mnaojua kupatana, niambieni kabla ya kesho alasiri. Juu ya hiyo elfu thelathini nimwekee nini huyu mtu, ili anirudishie mbuzi, abakize heshima yangu, na akae na mamake hizo siku arubaini?