Mume Wangu Alimfukuza Mtani Msibani, na Khanga ya Mama Bado Iko Kwake

Admin, nifichie jina, maana mume wangu hashindi kwenye ukurasa huu lakini madereva wake wanashinda. Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu. Niliolewa Mbagala, sasa naishi Kigamboni kwenye nyumba yenye geti la umeme. Msinionee wivu, someni kwanza.

Mume wangu nitamwita Baba Zuhura. Nilimpata hana mbele wala nyuma, anafyatua tofali za watu kwa mkono. Lakini msiba wowote ukitokea mtaani, wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi alikuwa yeye, hata kama na marehemu hawakuwa wakisalimiana. Nilimpendea hapo, sina haja ya kuficha. Mungu akafungua riziki, akanunua mashine yake, yakaja malori, tukavuka daraja kuja huku. Siku hizi ukimwambia Mbagala kuna msiba, anatuma mchango kwa simu, anaendelea kula. Nilikuwa najiambia ni uchovu wa kazi.

Mama yake alikataa kuhama. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo hakuna wa kugombana naye. Wa kugombana naye alikuwa Mama Shija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mama mkwe wangu Mzaramo, Mama Shija Mnyamwezi, na wanaoujua utani wa makabila haya wameshanielewa. Kila asubuhi mmoja anaanza: "We mbeba mizigo, hujafa tu?" Mwenzie anajibu: "Nife nani akuzike, mcheza ngoma we? Mie nangoja khanga zako hizo." Halafu wanakunywa chai birika moja. Mama alipougua, aliyekuwa anamwogesha ni huyo huyo Mama Shija.

Mama akafariki. Siku ya kuanua tanga, dua imekwisha na pilau linapakuliwa, Mama Shija akatokea chumbani kwa marehemu amejifunga khanga yake, anachechemea vile vile alivyokuwa akichechemea marehemu. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mtani msibani ana ruhusa hiyo. Hata akilala kaburini unampa chochote anatoka, na hukasiriki. Akafika mlangoni, akajifanya anagonga.

"Hodi! Mwanangu, nifungulie geti, mie mama yako. Nimekuletea mihogo."

Akageuza sauti, akawa mlinzi: "Bibi, bosi kasema ana wageni, uje siku nyingine."

Akawa mama tena: "Haya baba, mpe mihogo yake. Mwambie aile ingali ya moto."

Kicheko kikakatika. Wallahi sikuwa na habari hiyo. Siku ile nilikuwa Kipawa kwa dada yangu, niliporudi nikakuta mihogo jikoni, mume wangu akaniambia kainunua njiani. Kumbe Mama Shija ndiye aliyemsindikiza mama mpaka getini kwetu, akayaona yote. Nikamtazama mume wangu usoni. Hakushangaa hata kidogo, alikasirika.

"Mtoeni huyu kichaa nje!" Vijana wake wawili wa malori wakamshika yule mama mikono. Mzee mmoja wa mtaani akamwambia, "Baba Zuhura, huyo ni mtani. Tulia, mwanangu."

"Utani gani wa kunidhalilisha? Kwani hilo pilau mnalokula la nani?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mama Shija akatoka na khanga ya mama vile vile alivyojifunga. Nyuma yake wakainuka akina mama, kisha wanaume, kisha wale vijana waliochimba kaburi, wote wameacha sahani zao. Pilau lile tulivuka nalo daraja na masufuria yake, likachacha.

Sasa kuna hiyo khanga. Alichochukua mtani hukombolewa, na wakwe zangu wanataka ikombolewe kabla ya arobaini. Baba Zuhura akamtuma dereva na bahasha nene. Ikarudi haijafunguliwa, na maneno ya Mama Shija: "Mwambie shilingi mia inatosha. Ila aje mwenyewe kwa miguu yake, anitukane kama mtani wake, tuyamalize."

Mume wangu akasema, "Mie nikamlambe miguu kwa ajili ya khanga kuukuu? Nitanunua robota zima."

Nikashindwa kuvumilia, nikamwambia pesa imembadilisha. Jibu lake mpaka leo linanichoma: "Haijanibadilisha chochote. Nilikuwa nachimba makaburi ya watu kwa sababu sikuwa na cha kuchanga. We ulidhani napenda?"

Sijui alisema kwa hasira au ndiyo kweli yake. Kama ni kweli, basi mwanaume niliyempenda Mbagala hakuwahi kuwepo, na hilo linanitisha kuliko mengine yote.

Arobaini ni Jumapili hii. Yeye anaifanya hapa, kwa wageni wenye kadi. Majirani nao wanasoma dua yao Mbagala, uani kwa mama. Nilimwambia mimi nitakwenda Mbagala, nipitie kwa Mama Shija. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, mlinzi anasikia: "Ukienda kwa yule mwanamke, geti hili usiligonge tena." Sina kazi, kila kitu kina jina lake, na watoto wangu wako ndani ya geti hilo.

Shilingi mia ninayo, nimeifunga kwenye pindo la nguo yangu. Nyie mliokaa na watani, niambieni, mkwe anaweza kukomboa badala ya mwana? Niende, au nikae niwapakulie wageni wa kadi? Nipeni akili, ila msinitukane sana. Mama alifika kwenye geti hili na mihogo, tena kamzaa mwenyewe, na akarudishwa. Mimi nikirudi nitafika na khanga yake tu.