Nilivyosaidia Kuuharibu Mgahawa wa Mama

Nilipopangiwa kufundisha Nachingwea, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa mgeni kutoka Mwanza na Jumapili zilinitesa kwa upweke. Mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa mama mmoja wa Kimwera, mjane, aliyekuwa na mgahawa karibu na nyumba za watumishi. Kuku wake wa kienyeji alikuwa na mchuzi mzito. Msimu wa ming'oko alituchemshia vile viazi vya porini, tukala kwa chumvi.

Kila Jumapili alasiri, mkulima mmoja wa korosho aliingia na gitaa mgongoni, na wenzake wawili wakabeba ngoma. Wakipiga, wake wa walimu walicheza na watoto wao, na wazee wenye kofia walitikisa vichwa vitini. Kinywaji kilikuwa soda na chai ya tangawizi tu.

Hiyo soda ndiyo iliyonikera. Mama alipoanza kuumwa magoti na kumwachia mwanawe usimamizi, nilimwambia kijana yule, "Weka bia. Watumishi wote watahamia hapa."

Akaweka. Tukahamia kweli, na mimi nikiwa wa mbele. Wenye kofia wakaacha kuja. Kisha wake wa walimu. Mama mwenyewe akagoma kupika penye pombe, akarudi kwake. Chipsi zikachukua nafasi ya kuku. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, palipokuwa na ngoma pakawekwa meza ya pool, na ukutani juu yake televisheni.

Jumapili moja mpiga gitaa alifika kama kawaida. Kijana hakuondoa macho kwenye mpira. "Subiri uishe, mzee."

Mzee alikaa na gitaa mapajani. Mpira ulipoisha ukaanza mwingine. Akasimama, akaaga kila meza, akaondoka.

Nilimvaa kijana kwa hasira. "Yule ndiye aliyewajengea jina hapa! Unamwekaje kama mtu aliyekuja kuomba maji?"

"Mwalimu," akanijibu taratibu, "si wewe uliyenishauri?"

Kesho yake nilikwenda kwa mama. Alikuwa uani, akichambua ufuta kwenye ungo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Bia ilikuwa wazo langu."

"Marahaba. Nalijua siku nyingi." Akapepeta kwanza. "Kiu yako ungeipeleka kule stendi, mwanangu. Vilabu vya pombe vilikuwapo."

Hakunifokea, na hilo liliniuma zaidi. Alinipa kigoda, akanipakulia ugali wa muhogo na kisamvu. Nilirudi kula pale mara nyingi, mpaka nilipohamishiwa Ruangwa. Mpiga gitaa nilimtumia salamu mara mbili, aje apige hata uani kwa mama. Jibu alilolituma lilikuwa moja: gitaa ameshampa mjukuu, na yeye yuko kwenye mikorosho.