Sema Kwanza Alichosema Robi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za kidato cha tatu, mwanangu, ilikuwa Jumatano, siku niliyopigiwa makofi kwa mara ya kwanza maishani. Natamani ningekuambia kwamba niliyastahili.

Usicheke nikikuita mwanangu kwenye karatasi. Najua nimekuzidi miaka mitatu tu, na kwa urefu umenishinda. Lakini desturi ya shule hii ni desturi: aliyekupokea getini siku ya kwanza, akakuonyesha kitanda, bomba na mahali pa kuanika nguo, huyo ndiye mama yako wa shule mpaka amalize. Jana uliponiuliza, "Mama, makala hufupishwa vipi, halafu mtu anayajibu namna gani?" nilikuambia nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote. Niliona haya tu, kwa sababu jibu lake lina aibu yangu ndani. Mdomo wangu ni mzito, unanijua; kalamu ndiyo yangu. Kwa hiyo nimeandika humu kwenye shajara, nitakung'olea kurasa hizi, nawe uzisome ukiwa peke yako.

Mwaka jana Mwalimu Barasa, huyu huyu anayekufundisha Kiswahili, alitupa kazi kama aliyokupa wewe. Tulitakiwa kusoma makala yaliyobandikwa kwenye gazeti letu la ukutani, tuyafupishe kwa aya moja, kisha tuyajibu kwa aya mbili, yote kwa lugha ya kitaaluma. Jibu bora lingesomwa mbele ya shule nzima kwenye gwaride. Makala yenyewe yaliandikwa na Robi, msichana wa upande wa Kuria kule mpakani, mpole kama mimi. Tulikaa dawati moja. Na aliandika kuhusu desturi hii hii ya mama wa shule.

Mwalimu alimpa kila mmoja nakala. Yangu niliisoma aya mbili za mwanzo. Humo Robi alisema kwamba baadhi ya mama wa shule huwafulisha watoto wao nguo na kuwatuma maji, na kwamba huenda kuna mono, mgeni wa kidato cha kwanza, anayejuta kuja shule kwa sababu hiyo. Sikuendelea. Unajua kwa nini? Asubuhi hiyo Sharon, binti yangu wa wakati ule, dada yako huyu wa kidato cha pili, alikuwa ameanika soksi zangu. Soksi nilizozivaa mimi, mwanangu, na mikono ninayo miwili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Niliona ninasemwa mimi, tena na jirani yangu wa dawati ambaye alipita kwenye kamba akaziona.

Basi nikachukua kalamu. Neno "baadhi" nikaliacha nje. "Huenda" nayo nikaiacha. Nikaandika hivi: "Mwandishi anadai kwamba mama wa shule ni wanyonyaji, na anataka desturi hii ing'olewe." Neno wanyonyaji halikuwemo kwenye makala ya Robi hata mara moja, nililiokota kwenye somo la historia nikaona linang'aa. Halafu nikajibu. Nikasema hoja ya mwandishi haina mashiko, kwamba ni dhahiri shahiri amepotoka, kwamba bila shaka yoyote uchunguzi wa kina ungemwonyesha vingine. Uchunguzi gani? Nilikuwa nimesoma nusu ukurasa. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, nami niliivuta mpaka ikakaribia kupasuka.

Mwalimu Barasa alikuwa na madaftari mengi na anapenda Kiswahili kilichopigwa pasi. Alichagua langu.

Nilisoma uso wangu ukiwa ndani ya karatasi, na nilipomaliza yakalipuka makofi. "Msomi!" akapiga kelele dada mmoja wa kidato cha nne. "Atieno, kumbe una mdomo!" Mimi ambaye hata kujibu jina wakati wa kuitwa asubuhi nilikuwa nikinong'ona! Nikuambie ukweli wangu wote: nililala nikiyasikia makofi yale, nikayarudia kichwani kama wimbo.

Robi hakulala hivyo. Siku hiyo hiyo bwaloni wenzetu wakamwanza. "Mpisheni, wanyonyaji nyinyi, mwenyewe anapita!" "Robi, utakaa na sisi ama unaogopa tutakunyonya?" Mono wake mwenyewe alihamishwa meza na wakubwa, akaambiwa mama yake hampendi. Robi akala haraka, akatoka. Darasani aliniuliza jambo moja tu, bila kunitazama.

"Atieno, uliyasoma yakaisha?"

"Yakaisha," nikasema.

Akakusanya vitabu vyake, akahamia dawati la nyuma.

Ijumaa tuliruhusiwa kwenda nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Siku nne tu. Nikamwona Robi amefunga sanduku, ndoo, na godoro limeviringishwa likakazwa kwa kamba. Hakuna anayebeba godoro kwa siku nne, mwanangu. Matroni alimuuliza, naye akasema taratibu, "Sirudi. Nitamwomba baba anitafutie shule ya kutwa karibu na nyumbani." Nilisimama pale na begi langu mgongoni, na maneno yangu yote makubwa hayakunisaidia kutoa hata "pole".

Kwetu ni Uriri, unajua, na huko anakaa bibi yangu, ambaye sisi humwita Dani. Dani ni mmoja wa wazee wa kijiji wanaoitwa watu wakigombania mipaka ya mashamba. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Akasema nimsaidie, na nimwambie nilichosoma muhula huu. Moyo wangu ulikuwa mzito, lakini tamaa ya makofi haikuwa imekufa. Nikamsomea jibu langu.

"Kiswahili kitamu," akasema. Akapukuchua gunzi moja zima kabla ya kuendelea. "Sasa, nyakwara, huyo Robi angekuwa ameketi hapa, ukamsomea hivyo, angesema ndio, ndivyo nilivyosema?"

Nyakwara kwa kwetu ni mjukuu wangu, na akiniita hivyo polepole, ujue ameshaona.

"Wacha nikuambie tunavyofanya sisi," akasema. "Watu wawili wakija na kesi ya mpaka, wa kwanza anasema. Wa pili haruhusiwi kumjibu mpaka kwanza arudie maneno ya mwenzake. Akiyarudia vibaya, mwenzake anakataa, anaanza tena. Mpaka yule aseme, 'Ndio, hivyo.' Siku nyingine tunakaa hapo mpaka chai inapoa."

"Na kama hakubaliani naye, Dani?"

"Si atajibu! Nani amemfunga mdomo? Lakini amjibu huyu aliye mbele yake. Wengi wanakuja hapa wakigombana na mtu waliyemtengeneza wenyewe njiani." Akanisukumia kikapu. "Leta karatasi ya huyo mtoto tusikie."

Nikaileta. Nikasoma kwa sauti, na mara hii nikafika mwisho. Aya ya mwisho ya Robi ilisema hivi: alipofika shuleni hakujua Dholuo, lugha ya huku kwetu, wala mtu yeyote, mama yake wa shule alimpa blanketi lake na kumfundisha majina ya wasichana wote wa bweni, na kwa hiyo desturi hii isife. Alishauri mambo mawili tu, kwamba mono asifue nguo za mtu mwingine, na kwamba walimu ndio wapange nani awe mama wa nani.

"Wewe umesema anataka ing'olewe," akasema Dani.

"Ndio, Dani."

Waswahili husema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilichutama palepale kwenye magunzi, nikalia kidogo, kisha nikaenda kutafuta kalamu.

Siku ya kurudi shuleni nilimkuta Robi ameketi na baba yake kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule. Walikuja kuomba barua ya uhamisho. Nikaenda. Miguu yangu haikutaka, nikaiburuta.

"Habari ya safari, baba. Naomba dakika kumi na Robi."

Mzee akanitazama kuanzia viatu. "Ndiye wewe yule msomi?"

"Ndiye mimi."

"Robi, mpe dakika kumi. Mkuu bado ana wageni. Lakini kumi."

Tukasimama kando ya matangi ya maji. Nikamwambia sikuwa nimeyasoma yakaisha, kwamba nilimdanganya, na kwamba nimeandika upya. "Nisikilize tu. Nikikosea unikatalie."

Nikasoma. "Hapana," akasema kwenye sentensi ya kwanza. "Umesema mwandishi analalamika. Mimi sikulalamika. Nilishauri." Nikafuta, nikaandika anashauri. Nikasoma tena. "'Mama wa shule huwafulisha watoto wao.' Wote?" "Baadhi," nikasema. "Si uandike basi!" Nikaandika. "Na lile blanketi umeliacha. Hilo ndilo nililotaka watu walisome." Nikaliweka. Mara ya nne nikasoma toka mwanzo mpaka mwisho, naye akasikiliza akitazama bomba.

"Ndio," akasema. "Hivyo."

"Sasa naweza kukujibu?"

"Kwani bado una jibu?"

"Ninalo. La kufua nguo nakubaliana nawe, na soksi zangu uliziona. Lakini sikubali walimu ndio wapange. Mwalimu hajui nani anakoroma."

Akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Hilo nitalipinga," akasema. "Subiri tu, nitakuandikia. Sasa hayo utayasomea wapi?"

"Kwenye gwaride. Palepale."

"Wewe? Bila kulazimishwa?"

"Nitatapika kwanza, halafu nitasoma."

Akarudi kwa baba yake, nami nikamfuata kwa mbali. Akamwambia, "Baba, tungoje kwanza mpaka Jumatano."

"Utangoja ukilala juu ya nini? Godoro liko nyumbani."

"Nitalala na Atieno."

Mzee akanitazama tena, kisha akamtazama binti yake, akatikisa kichwa. "Nyinyi wasichana mtanimaliza," akasema, lakini akainuka kwenye lile benchi.

Jumatano nilisoma. Sikutapika, ila kidogo tu ningetapika. Nilianza kwa kusema kwamba mara ya kwanza sikuyamaliza makala, kwa hivyo ufupisho wangu ulikuwa wa uongo. Kisha nikasema alichosema Robi, halafu nikasema ninachosema mimi. Mwalimu Barasa akasimama akasema mbele ya wote kwamba na yeye alipenda lugha akasahau kulilinganisha jibu langu na makala. Makofi hayakuwa mengi. "Msomi amegeuka!" akasema yule dada wa kidato cha nne, na wenzake wakacheka. Lakini mchana bwaloni mono wa Robi alibeba sahani yake, akarudi mezani kwa mama yake bila kuambiwa na mtu. Barua ya uhamisho haikuombwa tena. Godoro lilifika wiki iliyofuata, na kwa wiki hiyo moja nilijua kwamba Robi, pamoja na upole wake wote, hupiga mateke usingizini. Muhula uliofuata ikawa kanuni: mono hafui nguo ya mtu. Ndiyo maana hujawahi kugusa soksi zangu.

Sasa shika haya, mwanangu. Usishike kalamu kabla hujafika nukta ya mwisho ya makala, hata kama aya ya kwanza imekuchoma, na hasa ikikuchoma. Ukifupisha, wewe ondoka humo. Mwache mwandishi aseme, kwa maneno yako lakini kwa uzito wake. Akishauri, andika anashauri. Akikiri, andika anakiri. Akiwa na shaka, mwachie shaka yake. Vineno vidogo kama baadhi na huenda ndivyo vinavyobeba uaminifu wake, usivitupe kwa sababu ni vidogo. Ukimaliza, anza aya mpya, useme mimi naona, na uonyeshe kwa nini. Hapo ukatae unavyotaka. Mwalimu anapokuambia utumie lugha ya kitaaluma, anakuomba uadilifu huo. Maneno makubwa yatakuja yenyewe yakihitajika, na mara nyingi hayahitajiki.

Na ujue kwamba mimi nilibahatika. Yangu yalikuwa makala ya mtu wa dawati moja, ambaye angeweza kuniuliza na kunihama. Wewe umepewa makala ya gazetini, ya mtu usiyemjua, asiyeweza kuja kukukatalia. Basi mketishe hapo mbele yako, umsomee ulichoandika, na usiguse aya ya kujibu mpaka umsikie akisema ndio, hivyo.

Nenda kaandike, binti yangu. Mungu akupe macho ya kufika mwisho wa ukurasa na masikio mapana kuliko hasira zako. Akupe hoja zako mwenyewe, na ujasiri wa kuzisoma mbele za watu magoti yakikutetemeka. Na akupe wa kubishana nao mchana kutwa, ambao jioni mtaketi nao meza moja mkila.