Kona Iliyopigwa Tupa

Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kubeba wavu wa chuma. Mke wangu alikuwa akichoma kuku na nyama kwa jiko la gesi kwenye kibanda chetu, kando ya barabara inayotoka Kakamega kwenda Shinyalu. Jiko lenyewe tulilifunga kwa mnyororo likabaki palepale. Mtungi wa gesi tuliuweka kwa jirani mwenye duka. Lakini wavu, ule wa kuwekea nyama juu ya moto, haukulala nje hata siku moja. Mke wangu hakuamini mnyororo, na jirani alimwamini nusu.

"Wanaonunua chuma chakavu hawaulizangi kimetoka wapi," alisema.

Basi jioni niliutia ndani ya gunia nikaubeba hadi nyumbani, asubuhi nikaurudisha. Ulikuwa na uzito wa majogoo watatu waliofungwa miguu pamoja. Nilidhani naujua.

Jiko tulilipata kwa hoteli moja iliyokuwa inafunga. Wavu wake wa kwanza ulikuwa umeliwa na kutu hadi fito zinakatika mkononi, kwa hiyo tulikwenda mjini kutafuta mwingine. Mke wangu alikuwa amepima ndani ya jiko kwa uzi wa katani na kufunga fundo mwanzo na mwisho. Muuza duka alituletea wavu unaong'aa kama kijiko kipya.

"Mama, hii imetoka nje."

"Hata mvua hutoka nje," mke wangu akamjibu. Akafungua kitambaa alichofungia funguo, akatoa msumari, akaukwaruza wavu upande wa chini.

"Sasa mama, unaniharibia mali."

"Kama msumari umeiharibu, moto utaifanyia nini?" Akamwonyesha. Chini ya mng'ao kulikuwa na chuma cha kijivu cha kawaida. "Hii ni ngozi tu imevalishwa. Itatoka, na ikitoka itaenda kwa nyama ya watu."

Muuza duka alileta mwingine usioshika kutu, lakini fito zake zilikuwa nyembamba, na mke wangu akasema ukiuwekea kuku watatu wabichi utapoa wote. Mwishowe yeye mwenyewe aliona wavu mweusi uliosimamishwa nyuma ya mlango, umejaa vumbi. Ulikuwa wa chuma kizito cha kumiminwa, kama zile sufuria za zamani za miguu mitatu. Upande mmoja fito zake zilikuwa pana, upande wa pili zilikuwa zimechongoka. Aliugonga kwa msumari akasikiliza. Akanusa. Muuza duka alinitazama kama anayeniuliza ninaishije na mtu huyu.

Nyumbani tulikuta wavu unatoshea pande zote isipokuwa kona moja ya nyuma, ambako ndani ya jiko kuna kichwa cha bolti kinachojitokeza. Niliazima tupa nikaisugua kona ile jioni mbili mpaka ikapita. Mke wangu alicheka akasema ninakunakuna kama panya ndani ya ghala.

Kuutunza ilikuwa kazi yake. Aliuosha mara moja tu, siku tuliyoununua. Akaukausha, akaupaka mafuta kidogo ya kupikia kwa kitambaa, akauchoma hadi mafuta yakaacha kutoa moshi. Akarudia mara nyingi. Baada ya hapo sabuni ilikuwa haramu. Kila alipomaliza kuchoma aliacha moto uwake kidogo, akasugua fito kwa gunzi la mahindi, kisha kwa nusu ya kitunguu iliyodungwa kwenye uma, kisha mafuta tena. Brashi ya waya hakuitaka, maana aliwahi kusikia unywele wa brashi ulibaki kwenye nyama ukaingia koo la mtu. Fito pana zilikaa juu daima, kwa sababu ngozi ya kuku hainati hapo. Baada ya miaka michache wavu ulikuwa mweusi tititi, laini, na kuku aliinuka mwenyewe ukimgusa.

Aliugua wiki tatu. Sitaandika zaidi kuhusu hizo wiki.

Tulileta jiko nyumbani kwa ajili ya kulisha watu wa matanga. Dada zake walikuja kutoka Khwisero, na mkubwa wao ndiye aliyeshika jikoni. Ni mwanamke wa maneno machache. Alipika, akaosha, akapanga, na walipoondoka nilikuta sufuria zote zimefunikwa kwa mstari, zinang'aa. Zilikuwa zimepungua chache pamoja na nguo za mke wangu, na hilo nililijua: kwetu ndugu za mwanamke huchukua baadhi ya vitu vyake. Nilikuwa nimekubali mwenyewe.

Siku kumi na nne baada ya mazishi niliamua kufungua kibanda. Nilifungua gunia. Ndani kulikuwa na wavu wa kijivu wenye madoa ya kutu ya rangi ya chungwa.

Nilikaa chini. Wavu wetu haukuwahi kushika kutu. Niliuinua, nikaona mwepesi. Nikaupeleka kwenye jiko na kuuweka, ukacheza. Ulilalia ile bolti ya nyuma ukawa kama meza yenye mguu mfupi. Niliwasha moto nikaweka kipande cha kuku. Kikanata, ngozi yote ikabaki kwenye fito.

Mambo manne, na yote yalisema neno moja. Mtu alichukua wavu wa mke wangu akaniachia mwingine. Na aliyeshika jikoni ni mmoja.

Sikuwa na sababu ya kumdhania vibaya shemeji yangu kabla ya siku hiyo. Lakini ukishaanza, kila kitu kinakusaidia. Nikakumbuka alivyofunga mzigo wake mwenyewe asitake kusaidiwa. Nikakumbuka hakunitazama machoni alipoaga. Jioni hiyo nilimwambia kaka yangu mkubwa, ambaye tunaishi naye boma moja.

"Hao watu huchukuanga," kaka alisema. "Nguo si ulimpa? Sufuria si ulimpa? Sasa amemalizia na jiko."

"Si jiko. Ni wavu."

"Wavu ndio jiko."

Nilikwenda Khwisero kwa pikipiki, gunia likiwa mapajani. Nilijiambia naenda kusalimia. Shemeji alinikaribisha jikoni kwa sababu alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, na nilipokuwa nakunywa chai macho yangu yalitembea: nyuma ya mlango, chini ya uchaga wa kuni, juu ya dari ya kukaushia mahindi. Niliona sufuria mbili za mke wangu. Wavu sikuuona, nikafikiri ameuficha vizuri.

"Mulamwa," akaniita, ndivyo mashemeji tunavyoitana. Hakugeuka kutoka kwenye sufuria. "Tangu ufike unahesabu vitu vyangu. Unatafuta nini?"

Sikulelewa kusema uongo, na nilikuwa nimechoka. "Natafuta wavu wa dada yako. Niliachiwa mwingine."

Mwiko ulisimama. Alizima moto kwa kuvuta kuni nje, moja moja. "Ni huo uko kwa gunia?"

"Ndio huo."

"Utoe."

Niliutoa. Aliutazama akakunja uso. "Umeshaota kutu. Niliuacha ukiwa safi." Kisha akanionyesha vidole vyake. Kwenye vifundo viwili kulikuwa na makovu mapya. "Hii ni ya mchanga. Hii ni ya waya wa kusugulia sufuria. Nilitumia majivu, mchanga, waya, maji ya moto na sabuni. Siku mbili, mulamwa. Ulikuwa mweusi kama chini ya sufuria ya pombe, na wanawake wa kwenu walikuwa wanapita hapo jikoni wakiangalia. Ningewaacha waseme dada yangu alikuwa mchafu?"

"Lakini hautoshei," nikasema. Hata wakati huo niling'ang'ania. "Unacheza kwenye bolti."

Aliugeuza tu, ili autazame upande wa pili, akaulaza mapajani. Fito pana zikawa juu. Na kwenye kona, pale pale ilipostahili kuwa, niliona mikwaruzo ya tupa. Mistari mifupi iliyopinda kushoto, kwa sababu nashikia tupa mkono wa kushoto. Mafuta yalikuwa yameifunika kwa miaka kumi na mmoja. Nyumbani niliuweka kichwa chini, kona yangu ikaenda upande usio wake, na sikuangalia kona nyingine hata moja. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka kupata. Hata ule wepesi, sasa nilipouinua, haukuwepo. Walikuwa majogoo wale wale watatu.

Nilimwambia ni wetu. Nilimwambia nimekosa.

Aliuliza ule weusi ulikuwa nini, kama si uchafu. Nikamweleza: mafuta, moto, gunzi, kitunguu, kila siku. Alipitisha kiganja juu ya fito, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichobaki.

"Kwa hivyo ulikuwa mkono wake," alisema, "na mimi nikausugua." Akafuta macho kwa kanga. Halafu sauti yake ikawa ngumu. "Kwamba mimi ni mwizi, ulimwambia nani?"

"Kaka yangu."

"Basi usile hapa leo. Rudi umwambie."

Nilirudi na njaa. Kaka alikuwa nje anakoboa maharagwe. Nilimweleza yote, nikamshikisha kona ile. Alipitisha kidole gumba juu ya mikwaruzo, akaitazama kwenye mwanga.

"Tupa ni tupa," akasema. "Hata fundi wa Khwisero yuko na tupa."

"Imepinda kushoto."

"Mashoto ni wewe peke yako?"

Hapo nikaelewa nilichofanya. Kutu ningeweza kuiondoa. Neno langu lilikuwa limeshaingia.

Wavu umepata tabaka saba za mafuta sasa. Ni wa rangi ya kahawia, bado haujawa mweusi, na kuku hunata kidogo pembeni. Shemeji alikuja mara moja, siku ya kuweka msalaba kaburini. Mke wa kaka alipomwona akiingia, alichukua birika lililokuwa uani akaliingiza ndani. Watu wote waliona. Shemeji pia aliona, na akanitazama mimi.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nilisema, "Huyu hakuchukua kitu. Mimi ndiye nilimsingizia, na kaka yangu alisikia kutoka kwangu." Kaka alitazama viatu vyake. Birika lilibaki ndani.

Shemeji alikwenda kwenye jiko la gesi lililokuwa linawaka uani, akafunika kiganja kwa kanga, akaangalia kama wavu umekaa upande wake. Ulikuwa umekaa. Akaniambia nimletee gunzi.